Kengele, Bunduki na Maji: Imani ya Kikristo katika Historia ya Ufukwe wa Nyasa

Katika semina moja ya wanafunzi wa mwaka wa pili, kijana mmoja aliinua mkono akauliza swali ambalo kila mwalimu wa historia nchini mwetu hukutana nalo: "Mwalimu, Ukristo ulikuja kutukomboa au kututawala?" Nilimjibu kwa haraka, kama tufanyavyo walimu tunapoona saa inakwenda, kwamba ulifanya yote mawili. Jibu lile halikuwa la uongo, lakini halikumfaa kitu. Kusema "yote mawili" na kuishia hapo ni kuikwepa kazi ya mwanahistoria, ambayo ni kueleza lini lilifanyika lipi, kwa mkono wa nani, na kwa sababu gani.

Makala haya ni jibu langu la pili kwa kijana yule. Nimechagua eneo moja dogo ili tusipotee: ufukwe wa mashariki wa Ziwa Nyasa, kuanzia Manda kaskazini, kupitia Lituhi, Liuli na Mbamba Bay, hadi Chiwanda jirani na mpaka wa Msumbiji. Sehemu kubwa ya ufukwe huo leo ni Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Asiyeufahamu hudhani ni pembezoni mwa nchi, mahali pa mitumbwi, dagaa na mihogo, pasipowahi kutokea neno kubwa. Kwa hakika, ufukwe huu na milima iliyo nyuma yake umeshuhudia karibu kila sura ya mkutano wa imani ya Kikristo na historia yetu: vita dhidi ya biashara ya utumwa, ujio wa dola ya Kijerumani, Vita vya Maji Maji, na Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Mwito wa Cambridge na kosa la Magomero

Tarehe 4 Desemba 1857, David Livingstone alihutubia Chuo Kikuu cha Cambridge nchini Uingereza. Aliwaambia wasikilizaji wake kwamba alikuwa anarudi Afrika kufungua njia ya biashara na Ukristo, akawasihi waiendeleze kazi hiyo. Kutokana na mwito huo ikaundwa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, ambayo wazee wetu waliijua kwa herufi zake: UMCA. Tuyaangalie maneno hayo mawili, biashara na Ukristo, kwa jinsi yalivyofungwa pamoja. Livingstone aliamini kwa dhati kwamba biashara halali ingeiua biashara ya watumwa. Hakuona, au hakutaka kuona, kwamba biashara halali nayo hufuatwa na bendera, na bendera hufuatwa na bunduki.

Bunduki haikuchelewa kuonekana. Mwaka 1861 Askofu Charles Mackenzie na wenzake walipanda nyanda za juu za Shire, kusini mwa ziwa. Njiani, pamoja na Livingstone, waliukuta msafara wa watumwa, wakawafungua mateka minyororo, wakaenda kuishi nao Magomero. Kisha wakajikuta wanapigana na Wayao kwa silaha ili kuwakomboa mateka zaidi. Askofu alikuwa na fimbo ya kichungaji mkono mmoja na bunduki mkono wa pili. Mapema mwaka uliofuata alikufa kwa homa. Mrithi wake, Askofu Tozer, aliamua mwaka 1864 kuihamishia misheni Unguja.

Msomaji aliweke jina la Magomero akilini. Tutalirudia.

Huko Unguja misheni ilianza upya kwa watu ambao hawakuwa na ukoo wala ardhi: watoto walionaswa katika majahazi ya watumwa. Watano wa kwanza walitolewa na Sultani Majid mwenyewe. Mmoja wa watano hao, John Swedi, alikuja kuwa shemasi. Mahali palipokuwa na soko la watumwa, Mkunazini, Askofu Edward Steere alijenga kanisa kuu baada ya soko hilo kufungwa mwaka 1873. Mwaka 1890 Cecil Majaliwa, Myao aliyepitia utumwa akiwa mtoto, akawa kasisi wa kwanza Mwafrika wa misheni hiyo. Hapa imani ilifanya jambo ambalo hakuna dola yoyote ya wakati ule iliyolifanya: ilimchukua mtu aliyekuwa na bei sokoni, ikampa madhabahu. Anayeandika historia ya Afrika Mashariki bila kulitaja hilo anaandika nusu.

Mzee wa jicho moja na walimu wake

Aliyeileta misheni hiyo kwenye ufukwe wetu ni William Percival Johnson. Alizaliwa Uingereza mwaka 1854, akasoma Oxford, akafika Unguja mwaka 1876. Angeweza kuwa mtumishi wa serikali ya Kiingereza huko India, kazi yenye heshima na pensheni. Badala yake alitembea kwa miguu kutoka Masasi kwenda kwa Mataka, mtawala wa Wayao huko Mwembe. Mwaka 1881 alilazimika kuondoka huko, baada ya msafara wa Mataka kukamatwa pwani na watumwa wake kuachwa huru, naye akashukiwa kuwa ndiye aliyepeleka habari. Ndipo akaelekea ziwani. Rafiki yake, kasisi Charles Janson, alifariki walipokwisha kufika ufukweni, mwaka 1882, na meli ya kwanza ya misheni ikapewa jina lake.

Hali ya ufukwe wakati ule ilikuwa ya hofu. Mashambulizi ya Wangoni kutoka milimani na misafara ya watumwa iendayo Kilwa viliwafanya watu wakimbilie visiwani na kwenye miamba. Si ajabu misheni ikajenga makao yake kisiwani Likoma mwaka 1885, na kutoka huko meli ikawa inapita kijiji hadi kijiji, ikishusha mwalimu hapa, ikimchukua mgonjwa pale. Johnson aliishi maisha hayo kwa zaidi ya miaka arobaini. Jicho moja lilipofuka kabisa na la pili likabaki na nuru kidogo, lakini aliendelea kutafsiri Biblia katika Kinyanja na kutembea vijijini. Alifariki Oktoba 1928, akazikwa Liuli. Tarumbeta la sifa za Johnson limepigwa vya kutosha na Waingereza wenyewe, nami silipingi.

Hata hivyo, meli haiwezi kufundisha. Ilishusha mwalimu na kuondoka, na mara nyingi ilirudi baada ya wiki nyingi. Aliyebaki na watoto, na wazee waliokuwa na mashaka, alikuwa kijana Mwafrika mwenye kitabu kimoja au viwili. Leonard Kamungu, mzaliwa wa Chia kwenye ufukwe ambao leo ni wa Msumbiji, alisomea Unguja, akapewa ukasisi mwaka 1909, akaenda kuanzisha misheni Msoro katika nchi ambayo leo ni Zambia, akafia huko mwaka 1913. Yohana Abdallah, kasisi wa Unangu, aliandika historia ya Wayao kwa Kiyao, ikachapishwa mwaka 1919. Imani iliwafunza watu hawa kusoma ili wasome Injili. Walipokwisha kujua kusoma, waliandika walichotaka, na Abdallah alichagua kuandika habari za babu zake.

Hilo ndilo tokeo la kwanza la imani katika ufukwe huu ambalo halikupangwa na mtu. Mmisheni alileta herufi kwa ajili ya sala, lakini herufi hazina mipaka. Zilizaa karani, mwalimu, mwandishi wa barua za malalamiko na, baadaye, mwanachama wa TANU.

Tarehe 27 Februari 1906

Sasa tupande milimani, kutoka ziwani kwenda Ungoni, maana huko imani hiyohiyo ilionyesha sura nyingine.

Wajerumani waliishika Songea mwaka 1897. Mwaka 1898 Wabenediktini kutoka Ujerumani walianzisha misheni ya Peramiho, na muda mfupi baadaye Kigonsera. Kwa hiyo Mngoni wa kawaida aliona boma na kanisa vikija karibu kwa pamoja, vikiongea lugha moja. Hakuwa na sababu ya kuvitenganisha. Wamisionari nao hawakumsaidia kuvitenganisha. Padre mmoja wa Peramiho, Franziskus Leuthner, alikichoma moto kibanda cha mahoka cha Nkosi Mputa Gama, yaani mahali ambapo mtawala alizungumza na wazee wake waliotangulia. Padre aliona ushirikina. Mputa aliona nyumba ya baba zake ikiteketea, na aliyewasha moto hakuadhibiwa.

Mwaka 1905 vita vilipolipuka kusini, vilibebwa pia na imani. Maji ya Kinjikitile wa Ngarambe yaliahidi kwamba risasi zingegeuka maji, na mjumbe Omari Kinjala akayafikisha Ungoni. Mnamo Agosti, Askofu Cassian Spiss, mwanzilishi wa Peramiho, aliuawa njiani karibu na Liwale pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Septemba Peramiho ikachomwa moto, na Padre Leuthner naye akauawa katika vita hivyo. Ukitaka kuelewa moto wa Peramiho, anza na moto wa kibanda cha mahoka.

Kisha likaja jibu la Wajerumani: bunduki, kuteketeza mashamba na maghala, na njaa iliyoua wengi kuliko risasi. Tarehe 27 Februari 1906 viongozi wengi wa Wangoni, Nkosi Mputa akiwa miongoni mwao, walinyongwa Songea. Nduna Songea Mbano alinyongwa baada yao. Kabla ya kunyongwa, Padre Johannes Häfliger wa Kigonsera aliingia gerezani, akawafundisha, na wengi wao wakakubali kubatizwa.

Nimelitafakari tukio hilo kwa miaka mingi na sijaona kwamba ni rahisi. Wapo wanaolisoma kama ushahidi wa rehema: padre ambaye mwenzake aliuawa, ambaye misheni yake ilichomwa, anaingia katika selo ya maadui zake na kukaa nao saa zao za mwisho wakati askari hawakuwa na neno la kuwaambia. Wapo wanaolisoma kama tusi: watu waliopigania uhuru wao wanalazimika, hata kwenye mlango wa kaburi, kuipokea dini ya mnyongaji. Mimi nasema masomo yote mawili yanamsahau mfungwa. Hatuna maandishi yake. Tuna maandishi ya padre. Huenda mmoja aliamini kwa moyo wote. Huenda mwingine, baada ya maji ya vita kushindwa, alitaka kujaribu maji mengine. Huenda wa tatu alitaka tu mtu wa kukaa naye. Mwanahistoria mwaminifu hawezi kumsemea kwa niaba ya kanisa, wala kwa niaba ya utaifa.

Tunachojua ni kilichofuata. Baada ya vita, watoto na wajukuu wa walewale walionyongwa walijaa katika shule za misheni, na Ungoni ikawa moja ya ngome za Ukatoliki nchini. Wengine huuita huo usaliti. Nadhani ni hesabu ya watu walionusurika: jeshi limevunjwa, njaa imewamaliza jamaa, maji yamewadanganya, na shule ndiyo njia pekee iliyobaki wazi ya kupata nguvu mpya.

Meli ya Liuli na mchungaji wa Mbombwe

Turudi ziwani kwa muda mfupi. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Wajerumani walileta Ziwa Nyasa meli iitwayo Hermann von Wissmann. Fedha zake zilichangwa Ujerumani kwa jina la kupinga utumwa, na Wakristo wema walitoa wakiamini wanawafungua Waafrika minyororo. Tarehe 13 Agosti 1914 meli hiyo ilikuwa imepandishwa nchi kavu Liuli kwa matengenezo, ndipo meli ya Waingereza, Gwendolen, ilipotokea na kuishambulia. Nahodha Mjerumani, aliyekuwa rafiki wa nahodha Mwingereza, hakuwa na habari kwamba vita vimeanza. Hivyo chombo kilichonunuliwa kwa sadaka ya ukombozi kikawa shabaha ya kwanza ya vita vya mabeberu kwenye ziwa letu. Misheni nazo ziligawanyika kwa bendera: Wajerumani waliwazuia wamisionari Waingereza, na baadaye Waingereza waliwaondoa wamisionari Wajerumani. Katika vipindi hivyo vyote waliozishika shule na sala ni walimu na makatekista Waafrika.

Miezi michache baadaye, upande wa pili wa ziwa, Magomero lilisikika tena. Ardhi ambayo Mackenzie aliishi na watumwa waliokombolewa ilikuwa sasa shamba kubwa la warithi wa binti yake David Livingstone. Wenyeji walilifanyia kazi kwa mfumo wa thangata, yaani kulipa kodi ya makazi kwa jasho lao. Msimamizi wake, William Jervis Livingstone, alizichoma nyumba za ibada zilizojengwa shambani humo na waumini wa Mchungaji John Chilembwe. Chilembwe alikuwa Mbaptisti aliyesomea Marekani, na makao yake yalikuwa Mbombwe, Chiradzulu. Novemba 1914 aliandika gazetini kulalamika kwamba Waafrika wanapelekwa kufa katika vita visivyo vyao. Tarehe 23 Januari 1915 wafuasi wake walilivamia shamba, wakamuua msimamizi, lakini wanawake na watoto wa Kizungu hawakudhuriwa, kama Chilembwe alivyoagiza. Siku chache baadaye aliuawa, na serikali ikalilipua kanisa lake kwa baruti.

Tazameni mzunguko huo. Mwaka 1861 Wakristo wanafungua watumwa Magomero. Mwaka 1915, mahali hapohapo, jamaa za Mkristo mashuhuri kuliko wote barani wanamiliki shamba la kazi ya shuruti, na Mkristo Mwafrika anakufa akilipinga. Biblia ilikuwa ileile, na ardhi ilikuwa ileile. Kilichotofautiana ni mahali alipokuwa amesimama anayeisoma.

Hata ndani ya mtu mmoja tofauti hiyo huonekana. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar kuanzia mwaka 1908, aliongoza kikosi cha wapagazi upande wa Waingereza katika vita hivyo, vita vilivyowaua wapagazi kwa makumi ya maelfu. Mwaka 1920 Askofu huyohuyo alitoa kijitabu kikali dhidi ya serikali yake kwa kulazimisha Waafrika wa Kenya kufanya kazi za walowezi. Aliyeviona vifo vya kazi ya amri hakuweza tena kunyamaza.

Tujifunze nini?

Kwanza, imani peke yake haitoshi kutabiri siasa za mtu. Swali la kuuliza si "Alikuwa Mkristo?" bali "Alikuwa Mkristo wa upande gani wa meza?" Leuthner, Häfliger, Johnson, Weston na Chilembwe walisali sala zinazokaribiana. Waliokaa karibu na boma waliona amani na utulivu. Waliokaa karibu na mfungwa au mpagazi waliona dhuluma. Hili liwafikie watumishi wa umma: viongozi wa dini wanapokaa mezani pamoja nasi na kutupigia makofi, tusidhani tumepata baraka ya Mungu. Huenda tumepata tu kimya cha wale ambao wangepaswa kutuonya.

Pili, kwa ndugu zangu wanaharakati. Wapo miongoni mwenu wanaoiona dini kuwa ulevi tuliouziwa na mkoloni. Dhana hiyo haina jibu kwa Chilembwe, wala kwa Cecil Majaliwa. Watu hawa hawakudanganywa. Walikichukua chombo kilichotengenezwa na wengine wakakitumia kwa haja zao. Kuwaita wahanga tu ni kuwanyang'anya akili zao kwa mara ya pili.

Tatu, kwa wanafunzi. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea, akakutana na jamaa wa Nduna Songea Mbano, akaomba radhi. Lilikuwa jambo kubwa. Lakini radhi ya dola haijazi kurasa zilizo tupu. Kaburi la Johnson tunalijua. Ni wangapi kati yetu wanaoweza kumtaja kwa jina mwalimu mmoja tu aliyeshushwa na meli kwenye mchanga wa Chiwanda, akajenga darasa la miti na nyasi, akafundisha miaka ishirini? Daftari za ubatizo, ndoa na maziko zilizomo katika parokia na makanisa ya ufukweni ni nyaraka za historia, na karatasi haivumilii mchwa wala unyevu wa ziwa. Wazee waliofundishwa na wanafunzi wa walimu wale nao wanatuaga mmoja mmoja.

Kijana aliyeniuliza swali alihitimu zamani. Ningekutana naye leo, ningemwambia: Ukristo wenyewe haukuja na miguu. Walikuja watu, na wengine hawakuja bali walikuwa hapa tayari, wakaupokea, wakaugeuza, wakautumia. Wengine walikomboa, wengine walitawala, na wengine walifanya hili asubuhi na lile jioni. Ukitaka kujua lipi lilifanyika kijijini kwenu, usinisubiri mimi. Chukua daftari, nenda kwa babu au bibi aliyebaki, muulize nani alimfundisha kusoma, na nani alimfundisha huyo aliyemfundisha. Andika majina yao.